Droo ikikwama, usianze na droo

Kabati nililinunua Kariakoo likiwa ndani ya boksi: droo nne, jeupe, upana sentimita 80, kwenda juu mita 1. Muuzaji akaniapia kwamba hata mtoto wa darasa la tatu analiunga. Kirikuu ikalishusha Tabata saa 12 jioni. Saa 5 usiku nikafunga skrubu ya mwisho, jasho linanitiririka, mke wangu kashapasha chakula mara mbili. Nikavuta droo ya juu. Ikatoka nusu, ikagoma. Ya pili ikatoka yote, kurudi ikakataa. Nyuso za droo zilivyokaa utadhani meno ya mtu aliyeanguka na bodaboda.

Wiki nzima nikapambana na droo. Nikalegeza skrubu, nikapaka nta ya mshumaa kwenye reli droo zinamoteleza, nikapiga msasa ubavu wa droo mpaka lile ganda jeupe likabanduka. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya useremala Keko miaka mingi, alikuja kwa shughuli zake akanikuta nimekaa chini katikati ya skrubu. Droo hakuigusa hata moja.

"Mwanangu, hili sanduku limelala. Lete futi."

Akapima kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia: sentimita 128.5. Akapima kona nyingine mbili: 127.6. Tofauti ya milimita 9. Kwa kabati la vipimo vile, vipimo vyote viwili vilitakiwa visome 128 na nukta kidogo. Kwa macho huoni kitu, lakini reli zinaona. Sanduku likilala upande, reli ya kushoto na ya kulia hazikai usawa mmoja, na droo inaingia imepinda.

Kumbe kosa nililifanya mapema kabisa, nilipopigilia ule ubao mwembamba wa nyuma. Mimi niliuona kama pambo la kuzuia vumbi. Kwenye makabati haya ya boksi ubao huo wa milimita 3 ndio unaolishika sanduku lisilale. Ukiupigilia wakati sanduku limepinda, umeligandisha na upinde wake. Kwa hiyo laza kabati kifudifudi, pima pembe kwa pembe, sukuma kona ya ule upande uliosoma mrefu mpaka vipimo vilingane, ndipo upige misumari. Tulilazimika kung'oa misumari yote na kuanza upya. Dakika 20 tu, baada ya wiki nzima ya msasa!

Halafu sakafu. Nyumba nyingi za kupanga hapa Dar sakafu yake ina mteremko kuelekea mlangoni ili maji ya deki yatoke. Kabati lililonyooka ukiliweka juu ya mteremko huo, uzito wenyewe unalivuta linalala tena, au droo zinajifungua zenyewe usiku. Weka pima maji juu ya kabati, kwa mapana na kwa kwenda ndani, kisha inua mguu ulio chini kwa kipande cha plastiki ngumu. Kadibodi hapana: inanyonya maji ya deki na kuyapeleka kwenye chipubodi, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na chipubodi ikishavimba hairudi.

Sasa reli. Zile za gololi zinahitaji nafasi ya karibu milimita 13 kila upande, maana yake boksi la droo liwe jembamba kuliko uwazi wa kabati kwa milimita 25 au 26 hivi. Nafasi ikizidi kidogo, chomeka vipande vya plastiki nyembamba nyuma ya reli. Ikipungua, hakuna ujanja zaidi ya kupunguza boksi lenyewe, na nyundo haitakusaidia. Zile reli za gurudumu jeupe la plastiki zina kushoto na kulia, na mara nyingi zimegongwa herufi: CL na CR zinafungwa kwenye kabati, DL na DR kwenye droo, L ikiwa kushoto na R kulia. Mimi nilibadilisha mbili. Usiku, umeme hafifu, usinicheke.

Angalia pia matundu ya reli. Mengine ni ya duara, mengine yamerefushwa. Anza na yale marefu, usikaze sana, ingiza droo, ijaribu, isogeze juu au chini. Ikiteleza vizuri, hapo ndipo utie skrubu kwenye tundu la duara, maana hilo halina kurekebisha tena. Na bisibisi ya mkono ni bora kuliko drili. Chipubodi inachokonoka haraka. Tundu likishalegea, jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, uache zikauke mpaka kesho, ukate zilizozidi, ufunge upya.

Nyuso za droo ziwe za mwisho. Wengi huzifunga mapema kwa sababu ndizo zinazopendeza, halafu kila rekebisho la reli linaziharibu. Anza na droo ya chini kabisa, panda nayo juu. Kati ya uso na uso acha milimita 2 hivi; mimi nilitumia kadi tatu za benki zilizobebana, zinatoa milimita 2 na ushee, na pengo linakuwa sawa toka mwanzo hadi mwisho. Bandika uso kwa selotepu ya pande mbili, rudi nyuma hatua tatu utazame, kisha vuta droo taratibu ufunge skrubu kutokea ndani. Linganisha kwanza urefu wa skrubu na unene wa mbao mbili kwa pamoja. Droo yangu ya tatu ina kidonda mbele, ncha ilipotokeza, na leo kimefunikwa na stika ya mwanasesere.

Kama lako lina milango, skrubu za bawaba zitakumalizia kazi: moja husogeza mlango kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, nyingine juu na chini. Robo mzunguko kwa mara moja inatosha.

Kabla mzee hajaondoka alinitaka nilifunge kabati ukutani. Nikaona anazidisha, ila nikatoboa tofali, nikaingiza kile kiplastiki kinachotangulia skrubu, nikakaza kipande cha chuma juu kwa nyuma. Juzi nimemkuta mwanangu wa miaka miwili kasimama ndani ya droo ya chini, kaning'inia kwenye ya tatu, ananichekea.