Nilivyojifunza Ayurveda Dodoma kwa kuanzia miguuni

Nilipoanza kusoma Ayurveda, elimu ya tiba ya jadi ya Kihindi, nilikimbilia kutaka kujua mimi ni nani kati ya aina zake tatu za maumbile ya mwili: vata, pitta au kapha? Nikajibu maswali kwenye simu, nikaambiwa ni pitta, mtu wa moto, nijipoze. Ilikuwa Julai. Asubuhi nikawa nakula matango na tikiti na kushushia maji ya friji, huku upepo wa Dodoma unavuma kutwa nzima. Haukupita mwezi, tumbo likajaa gesi, choo kikawa kigumu, usingizi ukawa wa kukatikakatika, na visigino vikapasuka hadi vikawa vinanasa kwenye shuka.

Niliporudi kwenye misingi ndipo nikaona nilichoruka. Elimu hii, iliyoanzia India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, inasema kinachofanana na hali yako huizidisha, na kinyume chake huituliza. Tena haimwangalii mtu peke yake, inaangalia na ardhi anayoishi. Nchi kavu, yenye upepo na miti michache, inaitwa jangala, na huko vata huzidi: ukavu, ubaridi, mambo kutotulia. Hiyo ni Dodoma yetu kabisa, mvua zikishakatika Aprili.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, shika jambo moja kwanza. Mimi nilishika mafuta ya ufuta. Usiku natia vijiko viwili kwenye kikombe cha bati, nakiweka ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka mafuta yawe vuguvugu. Napaka nyayo, nasugua kwa kidole gumba kuanzia kisigino kwenda vidoleni, kisha navaa soksi kuukuu. Soksi usiache, sakafu ya vigae itakuangusha. Baada ya wiki mbili hivi visigino vilianza kufunga, na nikawa nalala hadi alfajiri.

Kwenye chakula sikuhitaji kuagiza kitu mbali. Uwele ni nafaka kavu, na wazee wa Kigogo tangu zamani wanakula ugali wake na mlenda uliotiwa karanga. Utelezi na mafuta juu ya ukavu! Sijaona mfano mzuri kuliko huo wa kinyume kinachotuliza. Mlo mkubwa nimeuhamishia mchana, maana Ayurveda inasema agni, moto wa kumeng'enya chakula, huwa na nguvu jua likiwa utosini. Usiku nakula dengu laini zenye tangawizi, binzari nyembamba na kijiko cha samli, mapema.

Hapa niseme kwa uzito. Usinunue unga wa dawa usiojua umetoka wapi. Niliwahi kuuziwa pakiti ya triphala, unga wa matunda matatu yaliyokaushwa, nikanywa kwa pupa, nikaharisha siku mbili. Na kuna dawa za Ayurveda zilizopimwa zikakutwa na madini yenye sumu, risasi na zebaki. Viungo nunua vizima pale soko la Majengo, utwange mwenyewe. Kama unatumia dawa za sukari au presha, usiziache. Mweleze daktari wako kila unachoongeza. Mjamzito naye aulize kwanza.

Kwa sasa napaka kila usiku. Desemba mvua zikianza na hewa ikapata unyevu, nitapunguza iwe mara mbili kwa wiki, nisikilize mwili unasemaje.