Modeli za mto: ndoo au data?

Meseji za modeli za mito (hesabu za kompyuta za kukisia mtiririko wa mto) zimekuwa nyingi, najibu hizi nne leo. Mifano natoa Ruaha Mkuu maana huo mto unaniuma.

Kaka, modeli ya dhana na ya data zinatofautianaje?

Ya dhana chukulia ni ndoo. Mvua inaingia juu, mengine yanakauka na jua, mengine yanazama ardhini, yanayobaki yanatokea kwenye tundu na ndo mto wenyewe. HBV ya Waswidi iko hivo, GR4J ya Wafaransa nayo, ina namba nne tu za kurekebisha. Ya data haina ndoo, unaipa mvua na mtiririko wa miaka mingi inatafuta uhusiano yenyewe. LSTM kwa mfano, aina ya mtandao wa neva wa kompyuta, inatunza kumbukumbu, inajua mvua ya Machi inaweza kuonekana mtoni Juni.

Kama LSTM inashinda, ndoo ya nini tena?

Inashinda kweli, Marekani wameijaribu kwenye mabonde zaidi ya 500 ikazipita modeli za zamani, sibishi. Ila njoo Usangu, tambarare za juu za Ruaha. Mito inashuka toka nyanda za juu inaingia kinamasi cha Ihefu, na mlango wa kutokea ni mmoja, pale Ng'iriama kwenye kizingiti cha mwamba, maji yakishuka chini ya mwamba hayatoki hata tone ingawa Ihefu kwenyewe bado yapo. Kiangazi cha 1993 Ruaha ukakata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na miaka iliyofuata ukaendelea kukata. Sasa mtu anaifundisha LSTM kwa data ya miaka ya 60 na 70 peke yake, sifuri haijawahi kuiona, itaitoa wapi? Ndoo yenye tundu lililoinuliwa juu ya kitako inalijua hilo tangu siku ya kwanza.

Nazichanganyaje?

Njia nyepesi: endesha ndoo kwanza, chukua makosa yake (kilichopimwa toa kilichokisiwa), LSTM ijifunze kutabiri hayo makosa kisha jumlisha. Angalia tu isikupe mtiririko hasi.

Mimi napenda nyingine. Ndoo ibaki na sheria zake, maji yaliyoingia lazima yatoke au yabaki ndani, halafu sehemu usiyoijua ndo uiachie data. Usangu sehemu hiyo ni maji yanayochepushwa kwenda kwenye mpunga, hakuna fomula ya kitabuni inayokwambia mfereji utafunguliwa lini, inategemea msimu, bei, majaluba mangapi yamelimwa. Hapo data iongee. Na ukipata jibu la ajabu unajua pa kukagua, kwenye LSTM tupu unabaki unatoa macho.

Kituo chetu kina data ya miaka sita tu, tena ina mapengo.

Anza na GR4J, usiifundishe LSTM kwa bonde moja la miaka sita, ifundishe kwa mabonde mengi pamoja kisha uilete kwako. Mvua chukua CHIRPS (data ya mvua inayotokana na satelaiti na vituo), inaanzia 1981, ila linganisha na vipima mvua vyenu kwanza. Mapengo usiyajaze kwa wastani nakuomba, yaache wazi. Kwenye kupima, kuna NSE, alama ya usahihi wa modeli: ikiwa 1 umepatia kabisa, ikiwa 0 hujauzidi wastani, lakini inapendelea mafuriko, kwahiyo kwa mto kama Ruaha hesabu pia siku za sifuri: ulizokisia ngapi, na zilizotokea kweli ngapi.