Barua kwa mwanangu: juu ya yule Mholanzi wa Kibaale

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika. Niliisoma nikaiweka ndani ya Biblia, kisha jioni nikaisoma tena. Sisi huku hatujambo, ila mvua imekawia na migomba ya kule bondeni imeanza kulegea majani.

Umeniuliza kama kuna ubaya wewe kuwa na majonzi hadi leo juu ya Bram Moolenaar, yule bwana aliyetunga Vim, programu yenu ya kuandikia maandishi kwenye kompyuta, aliyefariki tarehe 3 Agosti 2023 akiwa na miaka 62. Unasema wenzako ofisini walikushangaa ulipotokwa na machozi siku familia yake ilipotangaza kwamba ugonjwa ulimzidia ndani ya wiki chache. Januari 2024 lilipotoka toleo jipya, lile la 9.1, likatolewa kwa heshima yake, machozi yakakutoka tena. Wanakwambia humlilii ndugu yako, unamlilia Mzungu usiyemjua hata sauti. Unataka niseme nani ana haki, wewe au wao.

Hayo ya machozi nitayafikia. Mimi kinachonikaa moyoni ni jambo jingine: huyo bwana alifanya nini alipokwisha kuondoka Kibaale, kule Rakai, Uganda, alikojitolea?

Ile skrini uliyonionyesha Krismasi sijaisahau. Nyeusi, vialama kama viwimbi vimeteremka upande wa kushoto, katikati mistari michache ya Kiingereza: jina la programu, jina lake, kwamba ni ya bure, halafu lile ombi kwamba watoto maskini wa Uganda wasaidiwe. Ulidhani nimenyamaza kwa kutoelewa. Nilielewa sana. Nilikuwa najiuliza nani aliyeruhusu shida za watoto wale zisomwe na kila mtu duniani anayefungua kompyuta. Rakai ni hapo ng'ambo ya Mutukula. Wale ni watu wetu. Tumeoana nao, tumeuziana kahawa, tumezikana. Tangazo la namna ile linanichoma mpaka sasa, na sitakuficha.

Lakini wewe ulizaliwa baadaye. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa, waligunduliwa mkoani kwetu Kagera, na upande wa pili wa mpaka Rakai ilikuwa inateketea. Sisi tuliuita Juliana, kwa jina la mashati yaliyovushwa kwa magendo kutoka Uganda. Baadaye hata hilo tuliacha kulitamka.

Mama yako mdogo tulimzika 1991, mwaka uleule unaoniambia Moolenaar aliitoa programu yake kwa mara ya kwanza, kwenye disketi za kompyuta za Amiga. Msiba ule unaujua kwa masimulizi ya bibi yako, na bibi yako alikuwa anapunguza. Watu walijaa hadi barabarani. Wanawake waligaragara, kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Siku ya kuanua matanga ukoo ukaketi sebuleni, juu ya nyasi mbichi tulizowatandazia. Wakagawa baiskeli. Wakagawa mabati aliyokuwa ameyanunua kidogo kidogo ili aezeke jiko. Redio waliibishania mpaka jua likainama. Watoto walikuwa wamekaa mlangoni, kaka yako mkubwa amempakata mdogo wake, amevaa sweta ya mama yake, mikono ameikunja na kuikunja tena kwa kuwa ilimzidi. Kila kitu kilipotajwa aliinua macho, akisubiri watajwe wao. Hawakutajwa. Walioongoza kwa kilio ndio walioondoka na redio.

Bibi yako hakusema neno. Aliinuka, akaenda kuwabandikia watoto maji ya kuoga. Basi, tangu jioni ile wakawa wa nyumba hii.

Ndiyo maana nasema, na mmenisikia mpaka mmechoka: msiba huanza watu wakishaondoka.

Sasa mtazame Moolenaar. Alifika Kibaale 1994, akakaa mwaka mzima akishughulikia maji na vyoo kwenye mradi wa watoto yatima. Mwaka ule kule Rakai walikuwa wamebaki bibi na wajukuu. Angeweza kurudi Uholanzi na picha zake, akahutubia kanisani kwao, yakaisha. Wengi tumewaona wakifanya hivyo. Yeye akasimamisha mfuko wake, ICCF Holland, wa kuwasomesha wale watoto. Akarudi Kibaale mara kwa mara kuona mambo yanakwendaje. Programu akaiacha bure, akaomba tu kwamba anayeipenda awakumbuke watoto. Hata alipoajiriwa Google kule Uswisi, kwenye mshahara mkubwa, ule mstari haukuondolewa. Alikaa msibani karibu miaka thelathini. Kwa kipimo changu, huyo alizika.

Najua utaniambia, mama, kumbe unamsifu. Ngoja kwanza. Bibi yako naye alikaa msibani, na mabibi wa Kagera na Rakai waliofanya kama yeye hawana idadi. Walilea kwa ndizi na kahawa za kibanja kimoja, wakauza kuku ili mtoto apate daftari. Alipokufa bibi yako, nani alitoa toleo la kitu chochote kwa heshima yake? Hilo linaniuma, na nikiona dunia nzima inamlilia mtu wa kompyuta linaniuma zaidi. Kisha najijibu mwenyewe: heshima aliyopewa Moolenaar haikutoka mfukoni mwa bibi yako. Halafu najiuliza, kweli haikutoka? Wale watoto walijulikana duniani kama watoto wa mradi, wakati waliowapikia uji usiku ni mabibi zao. Lakini tena uji haulipi karo, na bibi yako mwenyewe angekuwa wa kwanza kuniambia ninyamaze, maana kaka yako alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo zaidi ya mara moja, na hakutokea wa kutusaidia. Angetokea mtu kama huyu, bibi yako angemchinjia jogoo bila kuuliza jina lake limeandikwa wapi.

Kwa hiyo kesi yako na wenzako sitaiamua. Unanijua, ningependa sana kuiamua. Nitasema tu kwamba kilio, kiwe cha ndugu au cha mgeni, mimi sikipimi siku kinapolia. Wa ukoo walilia sana.

Ila kuna kitu umekiandika chini kabisa ya barua, mstari mmoja tu, kana kwamba si habari. Kwamba watu wengine wameipokea programu na wanaiendeleza kwa kujitolea, na kwamba wewe nawe, usiku ukitoka kazini, umeanza kusahihisha makosa madogo ndani yake. Barua ungeianzia hapo, mwanangu. Nisingekuwa na cha kuuliza.

Kaka yako mkubwa ana mzigo wa kupeleka Masaka wiki ijayo. Nimemwomba akirudi apitie Kibaale, awasalimie, aulize maji ya pale yanatoka vizuri. Amekubali bila kusita, ila anataka kujua aulizie wapi. Umesema maelezo yote ya kituo kile yamo humohumo ndani ya programu. Yanakili vizuri, jina la kituo kama lilivyoandikwa, umtumie kwenye simu kabla ya Jumatatu, maana anaondoka alfajiri.

Mama yako akupendaye,
Bukoba