Laptop ya GB 4 na hela ya leseni huna? Mimi natumia programu hizi za bure

Mkuu, unasema umenunua laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4, kazi zako ni kuchapa barua, kuskani vyeti na kuunganisha PDF, na fundi anataka elfu kumi akuwekee Word ya krak kutoka kwenye flashi yake. Usimpe. Mimi nina steshenari, na elfu kumi hiyo niliwahi kuitoa. Haikupita wiki mbili wateja wakaanza kurudi na flashi zimejaa shotikati tupu, mafaili yote yamefichwa. Kumbe mashine yangu ndiyo iliyokuwa inawagawia virusi.

Kwa kuchapa weka LibreOffice. Hii ni programu ya bure ya kuchapa kama Word, ilichipuka kutoka nyingine ya bure iitwayo OpenOffice mwaka 2010, na kwenye GB 4 inakwenda vizuri tu. Utaambiwa inavuruga mafaili ya Word. Ni kweli inavuruga, na mara nyingi mchawi ni fonti, yaani aina ya herufi. Calibri ni mali ya Microsoft, kwa hiyo LibreOffice inakuja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, mistari inakatika palepale. Cambria mbadala wake ni Caladea. Ukitumia fonti ya ajabuajabu ambayo mashine ya mwenzako haina, hapo usilaumu programu.

Nilijifunza hili kwa aibu. Dada mmoja nilimchapia CV ya kurasa mbili, nikaituma ikiwa docx, yaani faili la Word. Ilipofunguliwa kwingine, wadhamini wake walikuwa wamehamia ukurasa wa tatu, wamekaa peke yao kama wamefukuzwa. Tangu siku hiyo CV haitoki dukani kwangu bila kuwa PDF. Na kuna kitu wengi hawakijui: unapohifadhi kuwa PDF, tiki kisanduku kilichoandikwa Hybrid PDF. Faili la asili linabaki ndani ya PDF hiyohiyo. Mteja akirudi baada ya miezi minne anataka kubadilisha namba ya simu, unaifungua kwa LibreOffice na kuhariri, huanzi kuchapa upya.

Kuskani natumia NAPS2. Vyeti vitano vinaingia PDF moja kwa mpangilio unaotaka. Mfumo wa maombi ya kazi ukikataa faili kwa ukubwa, skani kwa dpi (kipimo cha ukali wa picha) 150 badala ya 300, bado kitasomeka. Kuunganisha na kukata PDF ni PDFsam Basic, lakini usitegemee ikubadilishie maandishi ya ndani. Zipu ni 7-Zip, video ni VLC, sina la kuongeza hapo.

IrfanView ya picha ni nyepesi mno, ila ni bure kwa matumizi binafsi. Ukifungua duka inabidi ulipie. Bure ziko za aina nyingi, soma masharti.

Unapopakua, ruka matangazo ya juu kwenye Google, kuna tovuti za kuiga. Nenda libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org. LibreOffice inakula zaidi ya MB 300, subiri bando la usiku.

Kabla hujaanza, angalia Windows yako ni biti 32 au 64 halafu uniambie. Laptop za mtumba nyingine zina 32, na faili la 64 halitakubali kuingia humo.