Kabla hujanunua beringi ya seramiki, mdogo wangu

Umeuliza kama ukitoa beringi, ile pete ya gololi ya katikati, iliyokuja na yoyo yako ya alumini ukatia ya seramiki, italala, yaani itazunguka mwisho wa kamba bila kurudi, dakika tatu badala ya hiyo moja na nusu unayopata sasa. Mie nililijibu swali hilo kwa pesa zangu mwenyewe, kwa hivyo sikiza kwanza.

Kuna lile jaribio la kidole ambalo sote tunalifanya. Unaichopoa beringi, unaivika kwenye ncha ya kalamu, unaipiga kidole, halafu unahesabu. Yangu ya seramiki ilizunguka mpaka nikachoka kuitazama. Ile ya kawaida, yenye mafuta ndani, ilisimama kabla sijafika kumi. Nikajiona nimeokota dhahabu. Jioni nikaenda nayo Lighthouse, kule ufukweni Mombasa, nikajibanza nyuma ya wauza mihogo ambako upepo haufiki sana, nikairusha yoyo mara kumi huku simu ikihesabu. Nikabadilisha beringi, nikarusha kumi nyingine. Tofauti ilikuwa sekunde chache tu, na mirusho yangu mwenyewe ilipishana kuliko beringi zilivyopishana: mmoja ulifika dakika mbili na nusu, uliofuata ukafa kabla ya dakika moja na nusu, na beringi ni ileile.

Kisa ni kwamba kidoleni beringi haina kazi yoyote. Ukiipiga, ni kile kipete chepesi tu kinachozunguka, na tone la mafuta linatosha kukizuia. Ndani ya yoyo mambo yanageuka. Pete ya nje imekabwa na kamba, haiendi popote. Pete ya ndani ndiyo inayozunguka, pamoja na mwili mzima wa gramu 65 hivi ambao uzito wake mwingi umewekwa ukingoni. Mwili huo ukishapata kasi, tone la mafuta ni kama nzi mgongoni mwa punda. Kinachoila kasi ni hewa, na zaidi ya hapo ni kamba kulalia ukuta wa yoyo. Yoyo ikiinama kidogo tu, kamba inagusa upande mmoja, inasugua, na dakika zako zimekwenda.

Kwa hivyo ukitaka kununua, usitazame gololi zimetengenezwa kwa nini. Tazama umbo la pete ya nje. Iliyokuja na yoyo yako pengine ni bapa, na juu ya bapa kamba inatangatanga. Zile zenye bonde katikati, kama KonKave, au zenye miteremko miwili na njia nyembamba katikati, kama Center Trac, zinairudisha kamba katikati yenyewe. Hiyo niliiona hata mie mwenye mkono mzito: si kwenye mrusho mtupu, ni pale unapoidaka yoyo juu ya kamba na kuanza kuipindapinda, kamba ikawa mbili tatu mle ndani. Kwa bapa ilikuwa ikikwama na kunirukia vidoleni. Kwa ya bonde inapita. Lakini kama unarusha mshazari, hakuna beringi itakayokunyooshea mkono.

Kipimo ni saizi C: milimita 6.35 tundu la ndani, 12.7 nje, upana 4.76. Ni ileile R188 iliyotiwa kwenye baadhi ya spina za watoto, vile vidude vya kuzungusha vidoleni, wakati ule wa 2017. Mie nilidhani nimepata ya bure kwenye spina iliyovunjika, kumbe zile zisizo na vifuniko ni nyembamba, 3.18 tu. Nusu mbili za yoyo zikakaribiana, kamba ikabanwa, yoyo ikanirudia kwa kishindo hadi kwenye kifundo cha mkono. Pima kwanza.

Kuhusu ulaini wa mzunguko, tenganisha mambo mawili. Ikiwa yoyo inatetema, ukiigusa ukingo kwa ukucha unasikia mtetemo, mara nyingi ni ekseli iliyopinda au nusu mbili hazijakaa sawa. Beringi mpya inaweza kuupunguza kwa bahati, ikikaa vizuri zaidi kwenye kiti chake. Ikiwa inakwaruza na kulia kama kisagio, hiyo ni beringi, na hapa Mombasa nakwambia ni chumvi na vumbi. Na usidhani seramiki inaokoka. Nyingi za yoyo ni gololi tu ndizo za seramiki, pete ni chuma. Yangu niliiacha wiki moja dirishani Kibokoni, upepo wa bahari ukiingia, nikakuta pete ina vidoa vya rangi ya chai.

Dawa nilijifunza kwa ami yangu, fundi wa cherehani. Nilikuwa nimeitia beringi mafuta ya nazi, niliyochota kwenye chupa ya nywele za dada. Siku mbili tatu ikawa kama imetiwa gundi. Ami aliitazama, akacheka mpaka akavua miwani. Akachukua pini, akakichokoa kile kiwaya kilichoshikilia kifuniko, kifuniko kikatoka, akaitumbukiza beringi kwenye kikopo cha asetoni na kuitikisa. Majimaji yakageuka kahawia. Akaianika juu ya kitambaa, kisha akachovya ncha ya pini kwenye mafuta ya cherehani na kuigusisha kwenye gololi. Ncha ya pini, si tone la chupa. Mpaka leo nafanya hivyohivyo kila mwezi. Fanya mbali na jiko, na usiiguse yoyo ya plastiki kwa asetoni, huenda ikayeyuka.

Jambo moja utakalolaumu mtu nalo: beringi ikishakuwa safi, yoyo haitapanda tena kwa kuivuta. Itakaa chini ikizunguka huku ukiitukana. Haijaharibika. Jifunze kuibana, yaani kukunja kamba na kuiingiza ndani ili zile raba za pembeni ziishike. Kama bado hujafika hapo, weka mafuta mazito kidogo, itakurudia.

Badilisha na kamba pia. Hiyo uliyopiga picha ni nyeusi kwa jasho.

Ile seramiki yangu nilimpa binamu. Iko ndani ya spina ya mwanawe, na huko inazunguka vizuri ajabu.