Seva ya Linux imekugomea? Maswali na majibu kuhusu SSH

Barua za safari hii karibu zote zinahusu seva inayomkataa mtu mwenye haki ya kuingia. Kabla hujagusa mpangilio wowote, hakikisha una dirisha moja lililokwisha kuingia kwenye seva, na usilifunge mpaka uingie kwa dirisha la pili. Kuwasha upya huduma ya SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) hakuwatoi walio ndani, kwa hiyo hilo ndilo mlango wako wa nyuma ukiharibu.

Wakuu, ufunguo wangu nimeuweka kwenye authorized_keys (faili la funguo zinazokubaliwa), nimeuhakiki mara tatu, lakini bado napata `Permission denied (publickey)`. Nimekosea wapi?

Ujumbe huo hautakusaidia, na umefanywa hivyo makusudi: SSH haimwambii aliye nje kwa nini amekataliwa, asije mvamizi akajua akaunti ipi ipo na ipi haipo. Sababu yenyewe imeandikwa ndani ya seva. Kwenye Debian na Ubuntu iko `/var/log/auth.log`, kwenye Rocky na AlmaLinux iko `/var/log/secure`. Faili likikosekana, tumia `journalctl -u ssh` (kwenye Rocky ni `sshd`). Acha `tail -f` ikikimbia dirisha moja, jaribu kuingia kwa dirisha jingine, usome mstari unaochomoza. Malalamiko kama yako mara nyingi huzaa mstari huu:

`Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/asha`

Ufunguo hauna kosa hapo. Kuna mpangilio unaoitwa StrictModes, ambao kwa kawaida umewashwa, na kazi yake ni kuukataa ufunguo uliohifadhiwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuandika. Watu hurekebisha folda ya `.ssh` wakasahau folda ya nyumbani inayoibeba, hasa pale mtu alipopiga `chmod -R 777` ili tovuti ikubali kupokea picha. Rekebisha zote:

`chmod go-w /home/asha`
`chmod 700 /home/asha/.ssh`
`chmod 600 /home/asha/.ssh/authorized_keys`
`chown -R asha: /home/asha/.ssh`

Amri ya mwisho inawahusu waliounda folda hiyo wakiwa root (msimamizi mkuu). Kama ni Rocky na ruhusa zote ziko sawa, huenda lebo za SELinux (mfumo wa ulinzi wa ziada) ndizo zimeharibika. Amri ya `restorecon -Rv /home/asha/.ssh` inazirudisha.

Nimeandika `PasswordAuthentication yes` kwenye sshd_config (faili la mipangilio ya SSH) na kuwasha huduma upya, seva bado haiulizi nenosiri. Je, faili halisomwi?

Linasomwa, ila limechelewa. Katika sshd_config, thamani inayokutwa kwanza ndiyo inayoshika. Inayofuata hupuuzwa kimyakimya, bila onyo. Programu nyingi hufanya kinyume, la mwisho ndilo linaloshinda, na ndiyo maana hata wazoefu hunaswa hapa. Sasa tazama juu kabisa ya faili lako: kwenye Ubuntu kuna mstari wa `Include /etc/ssh/sshd_config.d/*.conf`. Seva nyingi za kukodi huja na faili `50-cloud-init.conf` ndani ya folda hiyo, na humo mna `PasswordAuthentication no`. Hilo limesomwa kabla ya lako.

Usibahatishe. Iulize huduma yenyewe inachokifuata:

`sudo sshd -T | grep -i passwordauth`

Ikijibu `no`, tafuta inakotoka kwa `grep -ri passwordauth /etc/ssh/`. Kisha andika mpangilio wako katika faili jipya lenye jina linalotangulia kialfabeti, mfano `10-kwetu.conf`. Pima kwa `sudo sshd -t`. Isipotoa neno, maandishi ni sahihi, washa upya.

Mtego wa pili uko mwishoni mwa faili. Sehemu inayoanza na `Match` haiishii kwenye mstari mtupu. Inaendelea mpaka `Match` nyingine au mpaka faili liishe. Ukiongeza mstari wako chini kabisa, unaweza kuwa umempa ruhusa mtumiaji mmoja tu huku ukidhani umewapa wote.

Kuhusu kufungulia intaneti nzima nenosiri, hatukushauri. Acha `no` kwa wote, kisha fungulia mtandao wa ofisi peke yake kwa `Match Address`.

Ofisini tuko kumi na wawili. Ghafla wote tunapata `Connection refused`, ila nikitumia bando la simu yangu naingia. Baada ya muda inakubali tena. Ni mtandao?

Ni fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea kuingia mara nyingi. Nyote mnatoka nje kwa anwani moja ya IP, hivyo mmoja akikosea, adhabu ni ya ofisi nzima. Isipobadilishwa, inahesabu makosa 5 ndani ya dakika 10, kisha inafunga anwani kwa dakika 10. Angalia na ufungue hivi:

`sudo fail2ban-client status sshd`
`sudo fail2ban-client set sshd unbanip ANWANI`

Kisha msake mkosaji kwenye logi. Si lazima awe mtu: mara kwa mara ni skripti ya kuhifadhi nakala, au programu ya SFTP (kuhamisha mafaili kupitia SSH) inayotumia nenosiri la zamani kila baada ya dakika chache. Kama ofisi ina IP isiyobadilika, iandike kwenye `ignoreip` ndani ya `jail.local`, si `jail.conf`, kwani hilo linaweza kufutwa na sasisho. Kama mtoa huduma wenu anawagawia wateja wengi anwani moja, msiiandike. Mtakuwa mmewasamehe na majirani msiowajua.

`Too many authentication failures` hata kabla sijaulizwa nenosiri. Sijajaribu hata mara moja!

Kompyuta yako imekujaribia. Ina funguo nyingi, inazitoa mmojammoja, na seva huhesabu kila unaokataliwa. Kikomo cha kawaida ni 6. Taja unaoutaka: `ssh -o IdentitiesOnly=yes -i ~/.ssh/ufunguo asha@seva`.

Mteja wa SFTP niliyemfungia ndani ya folda yake anaingia na kutolewa hapohapo.

Folda iliyotajwa kwenye `ChrootDirectory`, na kila folda iliyo juu yake, sharti imilikiwe na root na isiandikwe na mwingine yeyote. Umemmilikisha mteja, ndipo ilipoharibika. `namei -l /srv/wateja/duka` itakuonyesha njia yote kwa mara moja. Irudishe kwa root ikiwa na ruhusa 755, kisha ndani yake muundie mteja folda yake ya kupakia.

Nimebadilisha Port kuwa 2222 kwenye Ubuntu 24.04. Haisikii, bado ni 22.

Huko mlango unashikiliwa na `ssh.socket`, si huduma yenyewe. Ruhusu kwanza 2222 kwenye ukuta wa moto kwa `sudo ufw allow 2222/tcp`, kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl restart ssh.socket`. `sudo ss -tlnp` ikikuonyesha 2222, jaribu kuingia kwa `ssh -p 2222`.