Kwa nini betri iliyo puani haingoji asubuhi

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 3 aliingiza puani betri ndogo ya rimoti, ile bapa inayofanana na kifungo cha shati. Tulifika hospitalini saa 2 usiku, na kabla ya saa 4 alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, ingawa alikuwa ametoka kula. Mtoto wa dada yangu alipoingiza punje ya haragwe aliambiwa arudi kesho yake. Je, haraka ile ilikuwa ya lazima?

JIBU: Ilikuwa ya lazima, mama, na nimefarijika kwamba hamkungoja. Haragwe linaweza kulala puani hadi asubuhi iwapo mtoto anapumua vizuri, mradi asitiwe matone ya maji, kwa maana likilowa huvimba na kukwama zaidi. Betri sivyo. Unyevu wa pua huunganisha pande zake mbili, umeme ukapita, na upande wa hasi ukazalisha kemikali kali ya jamii ya magadi inayoyeyusha nyama laini, hata gegedu linalotenganisha matundu mawili ya pua likaweza kutoboka ndani ya saa chache. Betri iliyoshindwa kuendesha rimoti nayo huunguza.

Kuhusu chakula, mtoto hukaa kwa kawaida saa 6 bila kula kabla ya nusukaputi, ili asitapike na kupaliwa akiwa usingizini. Waliokubali kuanza mapema walipima hatari hizo mbili, wakaona ya betri ni kubwa zaidi.

Kama angeimeza ikakwama kwenye umio, majeraha makubwa yangeweza kuanza ndani ya saa 2. Katika picha ya eksirei betri hufanana na sarafu, ila ukingoni huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine. Aliyeimeza asitapishwe; aliyetimiza mwaka 1, ikiwa anaweza kumeza, apewe vijiko 2 vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara 6, mkiwa njiani, kwa kuwa asali hupunguza tu kuungua wala haichukui nafasi ya upasuaji.

Mrudishe kliniki siku mliyopangiwa hata akiwa anacheza, kwa sababu kidonda huweza kuendelea kuchimba siku kadhaa baada ya betri kutolewa. Ukisikia mluzi mwembamba puani anapopumua, au ukiona damu, mpeleke siku hiyohiyo.